Redio Iliyochelewa Kuamka

Paso Guasu, 4 Machi 2008

Mwanangu Zunilda,

Ni matumaini yangu barua hii itakukuta mzima na mwenye kazi nyingi. Sisi hapa tunaendelea, isipokuwa goti la mama yako mdogo Porfiria, ambalo limejiwekea siku za kazi na siku za mapumziko bila kumshauri mwenyewe. Mvua zimekuja kwa wingi. Ng'ombe wetu wa pembe moja amezaa, ndama jike. Padre mpya ni mrefu mno. Akiingia kanisani anainama kana kwamba anaingia kwenye banda la kuku.

Anwani yako nimepewa na Sindulfo, dereva wa basi la Asunción. Nilimbana mpaka akaitoa, kwa hiyo usimlaumu. Anasema una kibanda chako karibu na Soko la Nne, unatengeneza kompyuta, na watu wanapanga foleni. Nilifurahi kusikia hivyo. Ningekupigia simu, lakini masikio yangu hayafai tena kwa simu. Nasikia mlio kama wa nyuki, halafu najibu ndiyo kwenye swali la hapana. Redioni sina shida hiyo, maana redioni mimi ndiye nisemaye na wengine ndio wasikiao.

Hilo ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Redio yetu ya kijiji siku hizi inaendeshwa kwa kompyuta. Nyimbo zimo humo, matangazo yamo humo, hata kipaza sauti kinapitia humo. Ni kompyuta ya marehemu baba yako, aliyoinunua mwaka 2002, wewe ukiwa umeshaondoka. Tangu afariki, Agosti ya mwaka juzi, mimi ndiye niliyekalia kiti chake. Sasa kompyuta hiyo imekuwa nzito kuamka. Nabonyeza kitufe, taa inawaka, kisha inakaa tu. Nachemsha maji, nakunywa chai yangu ya yerba, namkamua ng'ombe, narudi, bado imekaa. Redio inatakiwa kufungua saa kumi na moja alfajiri. Huko bondeni simu hazishiki, watu wanangoja redio iwaambie nani amekufa, ng'ombe wa nani amepotea, mto umepanda kiasi gani. Zamani watu walirekebisha saa zao kwa kutusikiliza. Siku hizi wananiuliza kama nimeanza ulevi.

Fundi kutoka Pilar alikuja akaitazama, akasema tuitupe. Kuitupa haiwezekani.

Kama unayo dawa, niandikie. Siku ya mazishi tulikutafuta kwa macho. Lakini hayo yamepita.

Baba yako mdogo,
Eladio Ojeda


Asunción, 27 Machi 2008

Baba mdogo Eladio,

Naomba baraka zako. Mpe pole mama mdogo kwa goti. Mimi ni mzima. Kibanda ni chumba kimoja chenye dirisha moja, na foleni aliyoiona Sindulfo ni ya mama wa jirani anayeuza chipa, vile vimikate vya jibini.

Kompyuta kuchelewa kuamka si ugonjwa. Ni dalili, kama homa. Siwezi kukupa dawa kabla sijajua homa inatoka wapi, na kwa kuwa siioni, itabidi wewe uwe macho yangu. Chukua saa yenye mshale wa sekunde. Andika dakika ngapi zinapita tangu kubonyeza kitufe hadi picha ya kwanza, na ngapi tangu picha hiyo hadi uweze kubofya kitu na kikatii. Sikiliza inatoa mlio gani. Kama masikio hayatoshi, mwombe mama mdogo. Chini upande wa kulia, karibu na saa, kuna vialama vidogo: vihesabu, na majina yake uyaandike. Kisha fungua palipoandikwa Kompyuta Yangu, weka kipanya juu ya diski, bofya upande wa kulia, chagua neno la mwisho. Utaona duara. Sehemu ya buluu ni iliyojaa, ya waridi ni tupu. Niambie waridi imebaki kiasi gani.

Mwisho, chomoa waya wa umeme, fungua ubavu wa sanduku kwa bisibisi, uniambie umeona nini ndani. Usipulize kwa mdomo. Mate ni adui.

Kuhusu mazishi: habari zilinifikia siku ya kumi na mbili, nilipokutana na Sindulfo kwa bahati pale stendi. Mlimtangaza redioni. Redio yenu inafika kilomita arobaini. Mimi nipo kilomita mia tatu na sitini.

Zunilda


Paso Guasu, 9 Aprili 2008

Mwanangu Zunilda,

Barua yako ilifika Jumamosi, Sindulfo akaileta mwenyewe hadi mlangoni, akasimama pale kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kuleta barua. Sisi wazima. Goti la Porfiria linakushukuru. Binti wa Rosendo Cabral, yule wa bondeni, amejifungua mapacha, na Rosendo mwenyewe anatembea kijiji kizima kana kwamba amezaa yeye.

Nimefanya kama ulivyoagiza. Nilikaa mbele ya mashine na saa ya ukutani mapajani, Porfiria akiandika. Dakika nne kiza kitupu. Dakika kumi na moja ile picha ya bendera ya rangi nne. Kisha dakika ishirini picha zote zipo lakini ukibofya hakuna anayekuitika, kama ofisi ya serikali mchana. Jumla thelathini na tano.

Vialama ni kumi na kimoja. Orodha nimeiweka kwenye karatasi ya peke yake. Vingine sijui ni vya nini. Kimoja kinakumbusha sikukuu za kuzaliwa za watu, wengi wao marehemu. Kingine ni cha mashine ya kuchapa ambayo hatunayo tena. Kimoja kimeandikwa Kinasa.

Duara ni buluu karibu yote. Waridi imebaki nyembamba kama ukucha wa mtoto.

Ndani ya sanduku tumekuta vumbi la kujaza kofia, mayai mawili ya mjusi, na nyigu wamejenga nyumba ya udongo juu ya feni. Sikupuliza. Porfiria alitoa vyote kwa unyoya wa kuku, mayai akayaweka kwenye pamba dirishani, maana alisema mjusi hana kosa. Baada ya hapo feni ilianza kuzunguka, jambo ambalo sikujua kwamba ilikuwa imeacha kulifanya. Mlio ulioniuliza, mimi sisikii kitu. Porfiria anasema yeye anasikia kitu lakini hajui akifananishe na nini.

Hizo siku kumi na mbili nimezisoma mara tatu. Mimi nilidhani Sindulfo amekuambia. Sindulfo alidhani nimekupigia simu. Sina la kujitetea.

Baba yako mdogo,
Eladio


Asunción, 2 Mei 2008

Baba mdogo,

Naomba baraka zako na za mama mdogo. Unyoya wa kuku ni kifaa kizuri, nitaanza kuutumia mwenyewe. Hapa baridi imeanza na wateja wanaleta mashine zenye paka ndani, maana paka wanapenda joto.

Nimechelewa kujibu. Kazi.

Mashine yako ina magonjwa mawili ninayoyaona, huenda na la tatu. La kwanza ni hizo programu kumi na moja. Kila unapowasha, zote zinaamka kwa pamoja na kugombania mlango mmoja. Kuzizima si kuzifuta, ni kuziambia zisiamke mpaka ziitwe. Bonyeza Anza, kisha palipoandikwa Endesha, andika herufi hizi bila nafasi: m, s, c, o, n, f, i, g. Itafunguka karatasi yenye sehemu kadhaa juu. Chagua ile ya Kuanza. Utaona orodha, kila jina na alama yake ya tiki. Ondoa tiki zote ila mbili: ya kuzuia virusi, na ile ya kucheza nyimbo. Mashine itakuomba izimike na kuwaka upya. Iruhusu.

Hicho Kinasa kizime kwanza. Nani anarekodi redio kila siku, na kwa nini?

La pili ni diski kujaa. Diski iliyojaa ni kama ghala ambalo mtu hana hata pa kuweka mguu: kila kitu anachokitafuta lazima ahamishe kingine. Tafuta folda kubwa kuliko zote, uangalie kuna nini, ufute msichokihitaji. Angalau robo ya diski ibaki tupu. Usiogope kufuta. Watu wanatunza takataka nyingi kwa kuziogopa.

Zunilda


Paso Guasu, 20 Mei 2008

Mwanangu Zunilda,

Tuko hai, na hilo si neno dogo mwezi huu. Nitakueleza.

Kwanza habari njema. Zile tiki niliziondoa kama ulivyosema, herufi moja moja, na mashine sasa inaamka kwa dakika kumi na tisa. Kinasa nimekizima. Kilikuwa kinarekodi nusu saa ya kwanza ya kila asubuhi. Baba yako ndiye aliyekiweka hivyo, na baada yake kikaendelea kunirekodi mimi bila mimi kujua. Nimejisikiliza asubuhi moja. Nina sauti ya mzee.

Za kwangu nimezifuta. Za baba yako, asubuhi elfu moja mia nne na kitu, ndizo zilizojaza hilo ghala. Hizo sitazifuta. Usiniulize sababu, fanya tu kana kwamba hazipo, unipe dawa nyingine.

Sasa habari yenyewe. Tarehe kumi na nne umeme ulikatika alfajiri, ukarudi, ukakatika tena, na kila ukirudi mashine inaanza safari yake upya. Saa kumi na moja kasoro dakika kumi watu wa bandari ya Pilar walimpigia simu padre: mto utapanda mita nzima kabla ya adhuhuri, mifugo yote ya bondeni ihamishwe mara moja. Padre alikuja mbio na kanzu yake mkononi. Nikakaa mbele ya ile bendera ya rangi nne, nina tangazo mkononi na sina pa kulisemea. Nililipiga lile sanduku kwa kiganja, Mungu anisamehe. Tulifungua saa kumi na moja na dakika arobaini. Padre alikuwa ameshapanda pikipiki kwenda mwenyewe, lakini bonde ni pana na barabara ni tope.

Wengi waliwahi. Rosendo Cabral hakuwahi. Yeye husikiliza saa kumi na moja kamili, akikuta kimya anazima anakwenda ng'ambo kukata nyasi. Alipoteza ndama tisa kati ya kumi na mmoja. Watu wote salama, mapacha salama. Alikuja redioni siku ya tatu, akakaa, akapokea tereré, yerba yetu ya maji baridi, akanywa vikombe vinne. Kisha akasema, "Eladio, redio yako imekuwa kama shemeji yangu. Inafika watu wakishakula." Akacheka. Mimi sikuweza.

Porfiria ameshapata mfano wa ule mlio. Anasema ni kama mtu anayegonga sahani kwa kucha, ta, ta, ta, halafu ananyamaza, halafu anaanza tena.

Eladio


Asunción, 23 Mei 2008

Baba mdogo,

Sindulfo anaondoka baada ya saa moja na nusu, kwa hiyo salamu utazipata siku nyingine.

USIZIME HIYO MASHINE. Umeme ukikatika hatuna la kufanya, lakini wewe usiizime kwa mkono wako. Huo mlio ndio ugonjwa wa tatu, na ndio ulio mbaya. Diski inakufa. Kuna sindano ndogo ndani yake inayosoma, na sasa inagonga kwa sababu haipati pa kushika. Kila inapowashwa upya inajikwaruza zaidi. Inaweza kuishi mwezi, inaweza kuishi hadi kesho.

Ndani ya mzigo huu kuna diski nyingine, si mpya lakini nimeipima na ni nzima, imewekwa kwenye kasha lake lenye waya. Chomeka waya huo mbele ya sanduku, wala huhitaji bisibisi. Itatokea kama diski ya pili. Nakili kutoka ya zamani kwenda ya pili, folda moja moja, usinakili zote kwa mkupuo. Ikigoma kwenye faili moja, iache, nenda nyingine.

Sikiliza vizuri hapa. Haitamaliza. Nimeona nyingi, na kwa mlio huo haitamaliza. Kinachokwenda kwanza ndicho kitakachopona. Anza na matangazo, kisha nyimbo, kisha majina na anwani za watu wa bondeni. Asubuhi za baba ziwe mwisho, au uziache.

Mzigoni kuna pia diski ya tatu, iliyofungwa kwa karatasi nyekundu: ukishanakili, iweke mahali pa ile ya zamani. Ina kila kitu kinachohitajika ili mashine iamke. Nimekuchorea jinsi ya kuifunga, nyaya mbili tu.

Na jambo ambalo nilipaswa kuuliza tangu mwanzo: kipaza sauti kisipite tena kwenye kompyuta. Vuta waya wake uchomeke moja kwa moja kwenye meza ya mitambo, nafasi ya tatu au ya nne, yoyote iliyo wazi. Kompyuta icheze nyimbo. Mtu akiwa na la kusema, asingoje mashine iamke. Ndama wa Rosendo nami nimechangia kuwaua, kwa kukaa wiki tatu bila kujibu barua yako. Haikuwa kazi. Nilikuwa sitaki kusoma jina la Kinasa mara ya pili, nikihofia ni sauti ya nani imo ndani yake.

Zunilda


Paso Guasu, 11 Juni 2008

Mwanangu Zunilda,

Nakusalimu, na Porfiria anakusalimu, na Sindulfo, ambaye sasa anajifanya ndugu wa karibu kwa sababu ya kubeba diski, anakusalimu pia. Mto umeshuka. Rosendo amepewa ndama wawili na watu wa ng'ambo, na mmoja na mimi, yule jike niliyekuandikia.

Mashine imepona. Diski ya karatasi nyekundu nimeifunga mwenyewe, Porfiria akishika tochi na mchoro wako. Inaamka kwa dakika mbili na nusu. Siku ya kwanza nilibonyeza nikaenda kuchemsha maji kwa mazoea, niliporudi ilikuwa inanisubiri, nikaona haya. Kipaza sauti nimekichomeka nafasi ya nne.

Kwenye kunakili sikufuata amri yako. Nilianza na asubuhi za baba yako. Diski ilikwenda siku mbili ikigonga, na ilipokata roho zilikuwa zimevuka asubuhi mia sita na thelathini na nane. Nyimbo zote zimepotea. Hivi sasa redio ina nyimbo tisa, kwenye santuri alizoazima padre, tatu kati yake ni za Krismasi. Watu wananung'unika. Wapige kelele tu.

Lazima nikueleze kwa nini, na sijui nianzie wapi, kwa hiyo naanza na langu.

Asubuhi ile ya mwaka 2001, siku ya harusi yako, ulipokuwa umeshapanda basi na ng'ombe ameshachinjwa, baba yako aliingia redioni na karatasi. Mimi nilikuwa kwenye meza ya mitambo. Ile karatasi niliiona kabla hajaisoma. Nilijua atasema harusi haipo, na nilijua atasema yale mengine, kwamba binti yake si mtu wa kutimiza neno lake, na atakayekutana nawe njiani asikupe salamu kwa jina la Ojeda. Mkono wangu ulikuwa juu ya kitufe cha kipaza sauti. Ningekizima. Sikukizima. Nilikuwa na hasira kwa ajili ya wageni na kwa ajili ya yule ng'ombe, ambaye alikuwa wangu. Bonde zima lilisikia, na miaka saba nimewaacha watu waseme kwamba Fulgencio Ojeda alifanya hilo peke yake.

Alijuta kabla ya Pasaka. Nilimwambia mwandikie barua. Akasema, "Niliyemwaibisha mbele ya watu siwezi kumwomba radhi chumbani." Basi akaanza. Kila asubuhi, baada ya matangazo ya misiba na kabla ya wimbo wa kwanza, alikusemesha. "Zunilda, umeamkaje popote ulipo. Niliyoyasema niliyasema vibaya, na mkosaji ni mimi." Kisha anakupa habari, za mvua au za jirani. Alijua mawimbi hayafiki Asunción. Aliponunua kompyuta akaweka kinasa, nikadhani siku moja atakutumia, lakini hakutuma. Watu wa bondeni wakazoea. Rosendo anasema mama yake alikuwa akijibu kutoka jikoni, "Ameamka salama, Fulgencio, endelea."

Sindulfo anaapa kwamba alijaribu kukueleza mara mbili, nawe ukamwambia akitaja jina la baba yako tena asionekane kwenye mlango wako.

Sasa unajua. Habari ya kitufe kile sijawahi kumwambia mtu, hata Porfiria. Nimemsomea barua hii kabla ya kuifunga. Ameenda kulisha kuku.

Namkabidhi Sindulfo ile diski iliyokufa. Labda wewe una unyoya mwembamba kuliko wetu.

Eladio


Paso Guasu, 15 Julai 2008

Mwanangu,

Ni mistari michache tu. Sisi wazima. Mashine nzima. Nyimbo sasa ni arobaini, watu wanaleta santuri zao na mimi naziingiza, kila mtu anataka zake zichezwe kwanza.

Sindulfo anasema mzigo alikupa mkononi, ukaupokea, ukamshukuru, ukafunga mlango. Sidai jibu. Nilitaka tu kujua kama diski haikulowa njiani, maana siku ile kulikuwa na mvua.

Eladio


Asunción, 30 Agosti 2008

Baba mdogo Eladio,

Naomba baraka zako, na za mama mdogo, ambaye naona amerudi kutoka kwa kuku. Mimi mzima. Diski haikulowa.

Nikueleze kazi kwanza. Ile sindano ilikuwa imekwama, lakini bao la umeme lililo chini yake pia lilikuwa limeungua, kwa hiyo nilitafuta diski pacha yake, toleo lile lile, mwaka ule ule. Niliipata kwa mzee mmoja anayeuza vyuma chakavu, baada ya wiki tano. Nikahamisha bao. Ilizunguka vizuri kwa siku nne, ikitoa kidogo kidogo kama mtu anayekumbuka, kisha ikanyamaza, na safari hii hakuna atakayeiamsha. Nimepata asubuhi mia tatu na kumi na moja ambazo hukuzipata wewe. Na nyimbo kadhaa, polka nyingi, nakuletea.

Hizo zako mia sita na thelathini na nane, ulizonitumia nakala zake kwa Sindulfo mwezi wa saba bila hata kuniandikia kwamba umezituma, ninazo pia. Ninazisikiliza kwa mpangilio wa tarehe, moja kila asubuhi, kabla sijafungua dirisha la kibanda. Siruki. Niko Oktoba 2002. Nilitegemea kulia, lakini mara nyingi nachoka, maana anaongea sana habari za mvua. Kuna asubuhi alisema, "Zunilda, leo sina la kukuambia," akaweka wimbo. Hiyo nimeisikiliza mara mbili. Mama wa chipa alibisha mlango kuuliza kama nina mgonjwa.

Umenieleza juu ya tangazo la pili. La kwanza hukulitaja. Miezi mitatu kabla ya harusi, nilikuwa nafua nyuma ya nyumba, redio iko dirishani, nikamsikia baba akiwatangazia watu wa kilomita arobaini kwamba naolewa na kijana wa Villalba. Alikuwa hajaniuliza. Nilimwambia sitaki, jioni ile na mara nyingine mbili. Kila mara alinijibu kwamba limeshatangazwa. Kijana mwenyewe hakuwa na ubaya wowote, nasikia ana watoto wanne na ninawatakia afya. Nilipanda basi kwa sababu sikuona pengine pa kusemea hapana. Katika asubuhi zote nilizosikiliza hadi sasa, baba anaomba radhi kwa lile la pili. Nangoja nione kama atafika kwenye la kwanza. Huenda limo kwenye zile zilizopotea.

Kuhusu kitufe. Ungekizima, angekiwasha tena, unamjua. Lakini ungekizima.

Sasa mambo ya mbele. Huwezi kuendesha redio ya mafuriko kwa diski moja iliyotumika. Nimeunganisha mashine mbili ndogo kutoka kwa vyuma vya mteja aliyehama nchi. Moja ikilala nyingine inashika. Nataka pia kuona nyaya za mnara kwa macho yangu, kwa sababu kwa jinsi ulivyonieleza umeme wenu, nahisi kuna waya unaogusa mahali usipopaswa. Hiyo siwezi kuifanya kwa barua.

Nitakuja Ijumaa tarehe tano, na basi la Sindulfo. Nitakaa siku nne. Mwambie mama mdogo asichinje kitu. Nataka kwenda bondeni kumpa pole Rosendo kwa ndama wake, na kumsalimu mama yake, kama bado yupo hai.

Nina ombi moja, na hili silisemi kama fundi. Sindulfo atajua, na Sindulfo akijua padre atajua, hilo siwezi kulizuia. Lakini wewe, baba mdogo, saa kumi na moja alfajiri, usinitangaze.

Zunilda